Amashyuza, na upele wetu



Sisi wa kujitolea tunazunguka nyumba kwa nyumba kuhusu usafi, na tangu upele uingie kambini swali limekuwa moja: "Wanangu, mbona musitupeleke Amashyuza tukaoge, iishe?"

Kwa wageni: Amashyuza ni yale maji ya moto ya Nyakabuye, hapa Rusizi, upande wa bonde la Bugarama. Kamanyola iko ng'ambo ya mto Ruzizi tu, kwa hiyo wazee wetu wengi waliyasikia kabla ya kukimbia. Wanasema yanatoa maumivu ya mgongo, magoti, mpaka magonjwa ya ngozi.

Hatuwacheki. Kwa mgongo na magoti wako na haki: joto linalegeza misuli, na ukikaa ndani ya maji uzito wako unabebwa, goti linapumzika. Si huku tu. Kule Kitagata, Uganda, bwawa moja la maji ya moto watu waliliita Mulago, kama ile hospitali kubwa ya Kampala.

Upele ni kesi ingine. Mama mmoja jirani yetu alikuwa amepewa dawa ya kupaka. Akaiacha nusu chupa, akachukua pesa ya chakula akalipa moto, akapeleka watoto wote kuoga. Siku mbili tatu wakalala vizuri. Kisha kujikuna kukarudi, na mtoto mdogo akapata vidonda vyenye usaha. Mwezi ule walikula mara moja kwa siku.

Juu ya nini? Upele unaletwa na kidudu kinachochimba ndani ya ngozi na kutaga mayai humo. Kukiua kwa joto kunahitaji nyuzi 50 na zaidi, dakika 10. Nguo inavumilia hiyo, ngozi ya mtoto inaungua. Wengine wanatuambia maji yale yako na salfa. Ni kweli mafuta ya salfa ni dawa ya zamani ya upele, lakini yanatengenezwa kwa kipimo, salfa asilimia 5 mpaka 10, na yanabaki mwilini usiku mzima. Maji yanakupitia tu.

Lakini maji haya yako na kazi kubwa yenye watu hawaioni. Mvua inashuka ndani ya nyufa za Bonde la Ufa, inapata joto chini, inapanda na chokaa. Chokaa ikaganda miaka maelfu ikawa jiwe, na jiwe hilo ndilo CIMERWA inachimba Bugarama kufanya saruji. Na sisi Wakongomani tujue: mwaka 1952, Kiabukwa kule Katanga, maji ya moto ya nyuzi 91 yalikuwa yanatoa umeme kwa ajili ya mgodi. Ulikuwa mtambo mdogo, kilowati 200, lakini ndio wa kwanza Afrika. Kenya ilianza Olkaria mwaka 1981! Leo ule wa Kiabukwa haufanyi kazi. Inauma.

Mwenye kwenda Amashyuza kwa mgongo wake aende, ila aombe ruhusa ya kutoka. Mwenye ugonjwa wa sukari apimishe maji na mtu mwingine, maana miguu yake inaweza kuungua bila kusikia. Mwenye presha au mimba aulize muganga kwanza. Musiyanywe, na watoto wasizamishe kichwa.

Dawa ya upele inagawiwa Jumamosi asubuhi. Mukuje nyumba nzima, hata asiyejikuna, juu mukipaka siku tofauti munaambukizana tena. Pakeni kuanzia shingo mpaka vidole vya miguu. Nguo na blanketi mufue na maji ya moto muanike juani. Zisizofulika mufunge ndani ya mfuko siku saba. Kujikuna kunaweza kuendelea wiki mbili hata nne kisha dawa. Mama yule ameshatuambia atakuja wa kwanza.