Picha Imepigwa Maji ya Lini?

Shuleni kwetu Msambweni palikuwa na ramani ya Kenya ukutani, imechakaa kwenye mikunjo, na pwani yote ya kusini kutoka Likoni hadi Vanga haikuzidi urefu wa kidole. Kwale iliandikwa, Shimoni iliandikwa. Mahali tulipoishi hapakuwa na hata nukta. Hilo halikutusumbua, kwa kuwa hakuna aliyetumia ramani kwenda popote. Mgeni aliambiwa ashuke matatu penye mbuyu mkubwa, afuate njia ya ng'ombe mpaka kisima cha zamani, na akifika hapo aulize. Maelekezo yote yaliishia na neno hilo: uliza.

Google Earth ilitoka Juni 2005. Mimi niliiona mwaka uliofuata katika saiba moja ya Ukunda, iliyotoza kwa dakika. Nyaya za baharini zilikuwa hazijafika. SEACOM na TEAMS ziliingia Mombasa mwaka 2009, na kabla ya hapo intaneti yetu ilipitia setilaiti na kwenda kwa kusuasua. Picha ilikuja kipande kwa kipande. Kwanza dunia nzima, kisha Afrika, kisha kisiwa cha Mombasa na mkono wa bahari wa Likoni. Halafu ukatokea mstari mweupe wa mawimbi yanayovunjika kwenye mwamba, ukishuka kusini bila kupinda sana. Nilijua papo hapo kwamba ule ni mwamba wetu. Nilikuwa nimeutazama tangu utotoni nikiwa nimesimama mchangani, lakini sikuwahi kujua kwamba ni kitu kimoja kirefu namna ile.

Sehemu kubwa ya kaunti ya Kwale ya leo ilionekana kwa ukungu, picha za Landsat ambazo nukta moja hubeba mita 15 za ardhi. Milima ya Shimba ilikuwa doa la kijani kibichi tu. Ila palipopita ukanda wa picha kali, za setilaiti kama QuickBird, uliweza kuhesabu paa za makuti. Watu walijazana nyuma ya kiti changu. "Shuka mpaka Mwabungo." "Rudi, rudi, hapo ndipo kwa bibi." Kila mmoja alitaka kwao, na hakuna aliyeomba kuona Nairobi wala New York.

Tangu hapo nilianza kujifunza kusoma mitaa kwa paa na miti. Mnazi ukitazamwa kutoka juu ni kama nyota, na kivuli chake hulala kando ukiwa mwembamba. Mwembe ni mweusi na wa duara. Mkorosho hutanda chini, rangi yake imefifia, na mara nyingi husimama peke yake katikati ya shamba. Kwa miti hiyo mitatu mtu wa Kwale anaweza kutambua kwao hata nyumba zote zikibadilishwa paa.

Lakini kusoma hasa nilifundishwa na mjomba wangu, aliyevua samaki maisha yake yote kutoka Mwaepe, Diani. Nilimpelekea kompyuta barazani nikidhani atataka kuona nyumba yake. Aliipita kwa jicho moja. Akaniambia nisogeze picha baharini, akakaa kimya akiitazama, kisha akauliza:

"Mpwa wangu, picha hii imepigwa maji ya lini?"

Sikuelewa. Akanionyesha. Huku kusini mchanga ulikuwa mpana, mawe yametoka nje, madimbwi yanang'aa, na mitumbwi imelala ubavu: maji yamekupwa, tena kupwa kwa bamvua. Kaskazini kidogo, pwani ileile, bahari ilikuwa imefika hadi kwenye kuta za hoteli. Katikati palikuwa na mshono, mstari ulionyooka ambao mimi nilikuwa nimeupita mara nyingi nikidhani ni kivuli. "Hizi ni siku mbili," alisema. "Wamezishona." Na ndivyo ilivyo: ramani za setilaiti huunganishwa kutoka picha za siku tofauti, wakati mwingine za miaka tofauti. Katika pwani ambayo maji yake hupanda na kushuka karibu mita 4 nyakati za bamvua, mshono huo hubadilisha kila kitu. Aliyeitengeneza picha alikuwa ameshughulika na nchi kavu. Mjomba alisoma upande wa pili, na kutokana na jinsi mawimbi yalivyopiga mwamba alinieleza pia kwamba kipande kimoja kilipigwa wakati wa kusi, ambapo wavuvi wengi hubaki ndani ya mwamba.

Akanionyesha tena pale mstari mweupe unapokatika, mbele ya mdomo wa mto Mwachema, karibu na msikiti wa kale wa Kongo ambao kutoka juu hauuoni vizuri kwa sababu ya mibuyu. Matumbawe hayapendi maji matamu wala tope, kwa hiyo penye mto mwamba huacha mlango, na milango hiyo ndiyo iliyofanya watu wakae walipokaa. Vyombo vilipita hapo. Nilikuwa nimesoma jiografia hadi kidato cha nne na hakuna aliyeniambia hivyo.

Basi tukaanza kazi. Yeye anataja, mimi naweka alama. Milango ya mwamba, mawe yanayojulikana, sehemu za kutia nanga, mchanga unaohama kati ya kusi na kaskazi. Majina hayo hayakuwa kwenye ramani yoyote niliyopata kuiona. Tulipofika kwenye mawe anakopata changu na tafi, aliniwekea mkono begani. Hapo usitie alama, alisema. Njia ni ya watu wote, lakini mahali pa kuvulia mtu huachiwa na babake. Nilifuta, na mpaka leo sijayaandika mawe hayo popote.

Simu janja zilipoenea, mambo yakawa mepesi na ya watu wengi. Binamu yangu anayefanya kazi Muscat alikuwa wa kwanza kuniomba picha ya kwao kutoka juu. Nilimtumia kwa WhatsApp. Akajibu kwa sauti, akilia na kucheka pamoja, akiuliza kama mkorosho wa nyuma ya jiko bado upo, maana yeye aliona kivuli tu. Nilienda kuangalia. Upo. Baada ya hapo kundi zima la ukoo likawa linarushiana vipande vya ramani: Doha wanauliza barabara ya lami imefika wapi, Mombasa wanabishana mpaka wa shamba la babu ulipita upande gani wa mfereji, na shangazi mmoja wa Lunga Lunga, ambaye hasomi, alikuwa anazungushia duara kwa kidole na kurudisha. Kwa watu waliokaa Ghuba miaka mingi bila likizo, picha hizo zilikuwa habari za nyumbani zenye uzito kuliko simu nyingi.

Mwaka 2009 Google Earth iliongeza uwezo wa kurudisha picha nyuma, kutazama mahali palepale miaka iliyopita. Naona hilo ndilo lililobadilisha zaidi uhusiano wetu na ramani hizi. Kabla yake tulikuwa tunatazama. Baada yake tukaanza kushuhudia.

Nitoe mfano wa njia za kwenda pwani. Diani ina mchanga wa maili nyingi, na kati ya mchanga na barabara kuu kuna mstari wa hoteli na nyumba za kukodi. Zamani katikati yake mlipita vijia vya wavuvi na vya wanawake waendao kutafuta pweza maji yakipwa. Kimojawapo, ambacho mimi mwenyewe nilikipita nikiwa mtoto nimebeba ndoo ya samaki, sasa kimezibwa kwa ukuta na lango lenye askari. Tulipouliza, tuliambiwa hapajawahi kuwa na njia. Nikarudisha picha nyuma, na hiki hapa: uzi mweupe wa mchanga uliokanyagwa, ukitoka barabarani, ukipinda kukwepa mti mmoja mkubwa, ukiishia penye mitumbwi. Nilichapisha picha hiyo, nikaipeleka kwa wazee wa mtaa. Lango bado lipo. Lakini hakuna tena anayesema mbele yetu kwamba njia haikuwapo, na wazee wameiweka picha hiyo pamoja na karatasi nyingine za madai. Kwale ni nchi ya migogoro ya ardhi. Wengi wamezaliwa na kuzikwa kwenye mashamba wasiyo na hati zake, na ushahidi wao mkubwa umekuwa miti waliyoipanda na maneno yao. Mwembe unaoonekana kwenye picha yenye tarehe ni jambo la kushika mkononi.

Mfano mwingine ni Maumba na Nguluku, kwenye vilima vya nyuma ya Msambweni. Katika picha za zamani kuna mashamba, minazi, nyua zilizofagiwa. Kisha ukisogeza miaka mbele, ukifika 2013, ardhi imefunguka nyekundu, bwawa limetokea kwenye mto Mukurumudzi, na mgodi wa madini ya titani umeanza. Shehena ya kwanza ilisafirishwa Februari 2014. Uchimbaji ulisimama mwisho wa mwaka 2024. Namjua mzee aliyehamishwa kutoka huko. Mwanawe alimrudishia picha hadi kabla ya mgodi, na mzee akapita kwa kidole nyumba hadi nyumba akitaja wenyewe, walio hai na waliokufa, mpaka betri ya simu ikazima. Mwanawe alirekodi sauti. Kwangu rekodi hiyo ni ya thamani kuliko picha yenyewe, kwa kuwa paa la mabati halina la kusema mpaka awepo anayejua nani alilala chini yake.

Si kila mabadiliko yanayoonekana ni ya hasara. Ghuba ya Gazi ilikatwa mikoko vibaya miaka ya 1970 kwa ajili ya kuni za viwanda. Upandaji wa majaribio ukaanza miaka ya 1990, na tangu 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni wana mradi wa Mikoko Pamoja, unaolinda hekta 117 na kuuza hewa ukaa, fedha zikiingia kwenye maji na shule. Ukizungusha miaka unaona kijani kikifunga mianya.

Yapo ambayo picha hizi haziyaoni, na mengine nashukuru. Kaya Kinondo, msitu mtakatifu ulioingizwa mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda katika orodha ya Urithi wa Dunia, kutoka juu ni kichaka kimoja cheusi katikati ya mashamba na mapaa. Anayeingia humo hujifunga kaniki na kufuata masharti ya wazee. Siku hizi tunachora ramani tukiwa timu ya vijana na wazee, na kijana mmoja wetu alitaka kuchora vijia vya ndani. Wazee walimsikiliza kwa adabu, wakamwambia achore mlango wa kuingilia na aishie hapo. Tuliishia hapo, na nadhani ramani hiyo ni sahihi kuliko ile ambayo ingechora yote.

Kinachonichoma ni majina. Fungua ramani ya Diani leo uone: hoteli, nyumba za kukodi, mikahawa, tena hoteli. Mitaa ya ndani na bandari ndogo za wavuvi ni chache, na nyingine zimeandikwa vibaya au zimepewa jina la hoteli iliyo jirani. Google ilikuwa na chombo cha Map Maker ambacho mtu wa kawaida aliweza kuongeza mahali. Kilifungwa mwaka 2017. Sasa tunatumia OpenStreetMap, ambako mwenyeji yeyote anaweza kuandika. Vijana huchora, wazee hutaja, na kila jina tunalihakikisha kwa watu wawili wasiokaa nyumba moja. Wakitofautiana, tunaandika majina yote mawili.

Upande wa Diani na Gazi tumefika mbali. Tunaelekea Funzi, kwenye vijito vya mikoko ambavyo picha inavionyesha vyote na haivitaji. Nahodha mmoja wa Bodo amekubali kukaa nasi kwa sharti moja: tusimpe kompyuta kwanza. Tutangoja bamvua, tupite naye kwa mtumbwi maji yakijaa na tena yakipwa, kisha ndipo tufungue picha.