Kupanga Kati ya Mlima na Ziwa

Mtumishi anayepata barua ya uhamisho kuja Mbinga au Nyasa huuliza kodi ya nyumba, maji, umeme, kisha huuliza baridi. Ana haki ya kuuliza. Posho ya kujikimu ni ya siku chache, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi. Lakini kazi ya maendeleo ya jamii, niliyoifanya mlimani na mwambaoni hadi nikastaafu, imenifikisha mahali pa kuamini kwamba hayo ni maswali ya pili. La kwanza ni hili: watu unaokwenda kuwatumikia hupata fedha lini, huishiwa lini, na wako macho saa ngapi? Mwenye jibu hilo ameshajua kata ya kutafutia nyumba. Asiye nalo atapanga nyumba nzuri mahali ambapo kazi yake haipo.

Tazama tofauti ilivyo. Mji wa Mbinga uko mita 1,300 hivi juu ya usawa wa bahari, Ziwa Nyasa liko mita 475 hivi, na kati yao ni barabara ya kilomita 66 tu mpaka Mbamba Bay. Ndani ya mteremko huo mfupi mwaka wenyewe unabadilika. Huko juu Mmatengo anaishi kwa kahawa: kuchuma huanza mwezi wa tano au wa sita, hufuata kukoboa, kuosha, kuanika kwenye vichanja na kupeleka chama cha msingi, na fedha huja kwa mkupuo baada ya mauzo. Mkupuo huo ndio unaoezeka nyumba na kulipa ada. Ikifika mwezi wa pili na wa tatu, wanaume wanafyeka nyasi na kuzipanga miraba miraba mteremkoni, wanawake wanazifukia kwa jembe, mpaka mlima mzima unageuka sega la mashimo ya ngolo. Ukiitisha mkutano siku hizo utahutubia mabenchi. Miezi hiyohiyo mifuko imekauka, na ndipo magoma yanapopita: kahawa inauzwa ingali mtini, kwa bei ya mwenye shida. Anayekuja wakati wa mavuno tu atasifu utajiri wa Umatengo na kuondoka. Chini ziwani mkupuo haupo. Dagaa wa Nyasa, yaani usipa, huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza; mbalamwezi ikikomaa taa hazina kazi, wavuvi wanashona nyavu na duka la kijiji linaandika madeni. Kalenda ya mlimani ni ya miezi 12. Ya ziwani ni ya siku 29 na ushee, na saa nne asubuhi, muda ambao ofisi hupenda kuitisha vikao, mvuvi amelala.

Makao ya mgeni huamua kazi yake itamfikia nani, na historia ya dini katika eneo hili ni shahidi mzuri. Wabenediktini wa Kijerumani walishika nchi ya juu: Peramiho mwaka 1898, Kigonsera mwaka uliofuata. Waanglikana wa misheni ya UMCA walikaa kisiwani Likoma tangu miaka ya 1880, wakahubiri kwa meli kutoka ufuko hadi ufuko; askofu wao Chauncy Maples alikufa maji ziwani humo mwaka 1895. Zaidi ya karne imepita, na Uanglikana bado una mizizi mwambaoni, Liuli ikiwa na hospitali yake ya Mtakatifu Anna, wakati milima ya Umatengo ni ya Kikatoliki. Wakatoliki nao walishuka ziwani, ni kweli, ila walikuta wenzao wamekwisha kuzoeleka. Sidai kwamba imani hupimwa kwa mita. Ninachoona ni kwamba kila mhubiri alisikilizwa zaidi na wale waliouona moshi wa jiko lake.

Nitaambiwa hayo ni ya enzi za meli za mvuke: lami imefika, mtu akae Mbinga karibu na soko, benki na hewa ya baridi, ashuke asubuhi kazini. Lami hiyo ni neema, siikatai. Lakini inaishia Mbamba Bay, na vijiji haviishii hapo. Vinaendelea kaskazini kuelekea Liuli na Lituhi, na kusini kuelekea Chiwanda. Isitoshe, nauli ya kila siku ni mshahara wa pili unaoulipa wewe. Lakini hayo ni madogo. Hasara kubwa ni kwamba ofisi ambayo mkuu wake yuko mbali haikosi wageni, ila huwa na wageni wenye nauli. Mama anayeanika dagaa mchangani hapandi mlima kuulizia mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya halmashauri. Anayepanda ni mwenye duka na simu, na kwa kuwa yeye hurejesha vizuri, taarifa ya robo mwaka itasomeka kuwa mpango umefaulu. Serikali yenyewe iliona kasoro ya kutawala ziwa kutoka mlimani, ikaimega Nyasa kutoka Mbinga kuwa wilaya kamili mwaka 2012.

Pingamizi zito zaidi ni la ukaribu. Ukikaa nao utachangia harusi na misiba yao, utakopa dukani kwao, kisha kesho utatakiwa kukagua kikundi ambacho mwenyekiti wake alikuletea samaki aina ya mbasa jana. Hilo lipo, na limewaharibu watumishi wengi. Hata hivyo umbali nao una marafiki zake, tena wenye uwezo zaidi, na urafiki wao hauonekani na kijiji. Wa karibu unaonekana na kila mtu. Unaweza kusemwa mkutanoni. Malaria sibishani nayo: joto la ziwani linazaa mbu kuliko baridi ya Umatengo, na majini kuna kichocho. Mwenye mtoto mchanga ana sababu ya kuomba kituo cha juu. Aombe basi kituo cha juu, asichukue cheo cha ziwani akalala mlimani.

Limebaki kundi ambalo hoja yangu inalitosheleza nusu tu: mume na mke, mmoja mwalimu Maguu, mwingine muuguzi Liuli. Wamatengo walipobanwa na ardhi, wengi walifungua mashamba kwenye miombo upande wa mashariki bila kung'oa nyumba iliyo katikati ya kahawa. Waligawa mwaka, msimu huku, msimu kule, majiko mawili. Ni ghali, lakini ni utaratibu uliojaribiwa. Kwa wanandoa hao ningesema watoto wakae na yule ambaye kazi yake haina msimu, yaani muuguzi wa zamu. Mwalimu ana likizo ya Juni na Desemba. Nauli iwe juu yake.