Spidi ya Mbao

Ukitoka Dar es Salaam kwenda Mbeya, barabara huanza kukupima ukishavuka Ruaha Mbuyuni. Mpaka hapo dereva alikuwa akiringa: joto kali, mibuyu kushoto na kulia, kazi yake ni kukanyaga mafuta tu. Halafu Mlima Kitonga unaanza, na malori yaliyokuwa yakipigiana honi yanapanga foleni nyuma ya semi-tela moja iliyoshindwa mzigo, yote gia ya kwanza, yote yanatoa moshi. Abiria wa dirishani huchungulia korongo mara moja, kisha hurudisha macho ndani ya basi. Ukifika Ilula hewa ni nyingine kabisa, na kina mama wauza nyanya na vitunguu barabarani wamevaa masweta.

Wageni wengi huja Iringa kwa mambo yanayojulikana: nguzo za udongo za Isimila na zana zake za mawe, fuvu la Mkwawa lililorejeshwa Kalenga mwaka 1954, simba na tembo wa Ruaha. Sina ugomvi na hayo. Safari hii nimefuata kitu ambacho wenyeji wenyewe hawakihesabu kuwa kivutio, yaani vyombo vya magurudumu vinavyoundwa nyumbani, kwa mbao na vyuma chakavu, na watu wanaovikimbiza.

Duniani kuna watu ambao likizo yao ni hiyo. Mwaka mzima wanachomelea chuma uani, kisha wanabeba gari lao hadi mahali patupu kuona litakwenda kasi gani. Hakuna wa kumpita, kuna saa tu. Jangwa la chumvi la Bonneville, katika jimbo la Utah nchini Marekani, ndiyo Makka yao. Baada ya Vita Kuu ya Pili vijana wa California walinunua matangi ya akiba ya mafuta ya ndege za kivita, yaliyouzwa kwa bei ya kutupa, wakayatia injini na magurudumu, wakaingia ndani wenyewe. Burt Munro, mzee wa New Zealand, alikwenda huko na pikipiki aina ya Indian ya mwaka 1920 ambayo aliichokonoa kwa miaka zaidi ya 40, akijiyeyushia pistoni mwenyewe. Mwaka 1967, akiwa na miaka 68, aliweka rekodi ya karibu kilomita 296 kwa saa katika daraja lake. Ukimweleza fundi wa gereji bubu ya Mwanjelwa, Mbeya, habari hizo hashangai. Atakachouliza ni ile pistoni aliiyeyusha kwa kitu gani.

Na Afrika nayo imo. Gari la Waingereza liitwalo Bloodhound lilipokuja kujaribiwa Hakskeen Pan, kaskazini magharibi mwa Afrika Kusini, watu zaidi ya 300 wa eneo la Mier walikuwa wameshaokota kwa mikono tani 16,500 za mawe ili njia iwe safi. Mwaka 2019 gari likapita juu ya kazi yao kwa kilomita 1,010 kwa saa. Waliookota mawe hawatajwi sana. Mimi nawataja.

Sasa tazama ramani ya kwetu. Bonneville iko mita karibu 1,280 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Iringa uko mita karibu 1,600, Mbeya 1,700, na uwanda wa Kitulo unafika 2,600. Jambo hili si dogo kwa mtu anayetafuta kasi, kwa sababu adui wake mkuu ni hewa. Ukiongeza mwendo mara mbili, hewa inakusukuma nyuma mara nne, na nguvu ya injini unayoihitaji inapanda mara nane. Kitulo hewa ni nyepesi kwa karibu robo kuliko ile ya Tanga au Kilwa. Injini ya kawaida nayo hukosa pumzi kwa kiasi hicho hicho, kama anavyojua kila dereva wa Noah anayepanda Isyonje na gari lililojaa. Lakini chombo kisichokuwa na injini hakina pumzi ya kukosa. Kinapata faida tupu.

Iringa wana mapenzi ya zamani na mbio. Mji umekuwa ukiandaa mashindano ya magari ya taifa kwenye barabara za vumbi za mkoa huo, na dereva wao Ahmed Huwel amekimbia hadi mashindano ya ubingwa wa Afrika. Wiki ya mashindano, watu hutoka Kihesa, Mshindo na Ipogolo kwenda kupanga mstari kandokando ya mashamba, wakirudi jioni nyusi nyeupe kwa vumbi. Hayo lakini ni magari ya fedha nyingi, na fundi wake huja na kompyuta. Watazamaji wadogo wa siku hizo ndio walionivutia, kwa kuwa hurudi kwao wakaunda la kwao.

Mbao hawakosi. Ukiipita Mafinga unaingia Sao Hill, shamba la serikali la miti ya kupandwa lililo kubwa kuliko yote nchini: misindano na mikaratusi, kilima baada ya kilima, harufu ya utomvu inaingia hadi ndani ya basi. Ni mandhari isiyokuwa na papara. Kuna wanaosema msitu wa kupandwa hauna uzuri, kwamba miti imesimama gwaride. Waje saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya Julai, ukungu ukiwa bado umelala kati ya mistari na moshi wa viwanda vya kupasulia mbao ukipanda wima, ndipo tuzungumze.

Kando ya barabara ya vumbi ya huko nilimkuta mvulana wa darasa la sita au la saba ameilaza baiskeli yake ya mbao majanini.

“Shikamoo.”

“Marahaba. Hii umeunda mwenyewe?”

“Na kaka.”

Nikachuchumaa kuitazama. Gogo moja la mkaratusi, nene kama paja la mtu mzima, ndilo mwili mzima wa chombo. Mbele limetobolewa tundu kwa nondo iliyochomwa motoni, na humo umepita mti wa usukani. Usukani wenyewe ni tawi lenye panda, lilikutwa hivyohivyo porini, halikuhitaji fundi. Magurudumu mawili yamechongwa kwa panga kutoka kwenye ubao mnene, yakavikwa ukanda wa tairi kuukuu uliopigiliwa misumari. Ekseli ni ya mti mgumu, imepakwa oili chafu hadi imeng'aa. Juu ya gurudumu la nyuma, kwa kipande cha mpira wa tyubu, imening'inizwa kandambili ya buluu iliyolika nusu.

“Na hii kandambili?”

“Breki. Unakanyaga hapa kwa kisigino. Ikiisha tunaweka nyingine.”

“Inakwenda kasi?”

“Ukipakia gunia inapita pikipiki.”

Nilidhani ananitania, lakini fizikia iko upande wake. Kwenye mteremko uzito ndio injini. Hewa inakizuia chombo kitupu na chenye gunia la viazi karibu sawasawa, ila chenye gunia kinavutwa chini kwa nguvu zaidi. Wakongo wa Goma wanalijua hilo vizuri. Wao wana chukudu, ndugu mkubwa wa baiskeli hii, inayobeba mamia ya kilo za mkaa, kabichi na viazi kutoka miteremko ya Nyiragongo hadi mjini, na wameijengea sanamu katikati ya jiji. Sisi bado tunaona ni mchezo wa watoto.

Kutoka Makambako barabara inashuka kuelekea Usangu, nchi tambarare ya mpunga, na joto linarudi kwa muda. Hapo Chimala kuna njia inayokata kushoto na kuupanda ukuta wa mlima kwenda Matamba. Wenyeji wanaiita Hamsini na Saba, kwa idadi ya kona zake. Mguu wa mlima uko Mbeya, kichwa kiko Makete, mkoa wa Njombe, na kati yake ni kona juu ya kona, kila moja ikikuonyesha Usangu ikiwa chini zaidi, hadi mashamba ya Mbarali yanakuwa vigae vya kijani na maji yake yanang'aa jua likiyapiga. Nimeona sehemu nyingi zinazosifiwa kwa mandhari katika nchi hii. Hii naiweka mbele ya nyingi kati ya hizo, na sihitaji kumwomba radhi mtu wa Lushoto. Ukiendelea juu unafika Kitulo, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, inayolindwa kwa ajili ya maua yake. Wengine huiita Bustani ya Mungu. Novemba hadi Aprili okidi na maua mengine hufunika uwanda mzima, upepo ukivuma bila kizuizi.

Kwenye kona za juu za Hamsini na Saba nilisimama kupisha vijana watatu waliokuwa wakiteremka, mmoja kwenye baiskeli ya mbao, wawili kwenye ubao wa magurudumu manne ya beringi za gari, ule unaopiga kelele za kuchana masikio ukigusa sakafu ngumu. Wenzao walikuwa wakiwapima kwa simu: mmoja kashika saa chini, mwingine anapunga shati juu kuashiria mwanzo. Bila kuambiwa na mtu walikuwa wamefika kwenye kiini cha mchezo wa Bonneville. Walikosea kanuni moja tu. Rekodi ya dunia ya ardhini hupatikana kwa kukimbia kwenda na kurudi ndani ya saa moja, na kinachoandikwa ni wastani wa hizo mbili, ili upepo au mteremko usimbebe mtu. Kwa kanuni hiyo vijana wale wangelazimika kupanda na ubao wao kichwani, na wastani ungekuwa wa kusikitisha.

Hata hivyo wasidharauliwe. Rekodi ya kwanza kabisa iliyopimwa ya gari, iliyowekwa na Mfaransa Gaston de Chasseloup-Laubat mwezi Desemba 1898 kwa gari la umeme, ilikuwa kilomita 63.15 kwa saa. Bodaboda wa Uyole akienda hivyo kwenye eneo la hamsini, anaandikiwa faini.

Mbeya yenyewe napenda kuifikia jioni, Loleza ikiwa imesimama juu ya mji na taa zikianza kuwaka Soweto na Mafiati. Mji huu umejengwa na magurudumu. Rhodesia ilipojitangazia uhuru wa walowezi Novemba 1965 na Zambia ikatafuta njia nyingine ya bahari, mafuta yalipita hapa kwa malori juu ya barabara ya vumbi na matope, na shaba ikarudi kwa njia hiyohiyo. Barabara ile ikapewa jina la njia ya jehanamu. Baadaye ikaja lami, ikaja TAZARA, kilomita 1,860 za reli zilizojengwa kati ya 1970 na 1975. Lori likivunjika springi mbali na Dar es Salaam na mbali na Lusaka, lazima awepo mtu wa kuitengeneza papo hapo kwa alichonacho. Sidhani mafundi wa Mbeya wamekuwa mafundi kwa sababu nyingine.

Iyunga, kwenye uwanja wenye udongo mweusi kwa oili, nilikuta tela la pawatila likiundwa kwa ajili ya mkulima wa Usangu. Ekseli imetoka kwenye Hilux iliyokufa, bodi ni ya bati lililochomelewa juu ya anglaini, na hakuna hata boliti moja mpya. Nikamwamkia mzee mwenye gereji, nikamuuliza kitu kigumu katika kuunda chombo cha barabarani ni kipi.

“Kukisimamisha, mwanangu. Kwenda, hata jiwe linakwenda ukilisukuma kule Iwambi.”

Alinionyesha kwa kidole panapokaa ngoma ya breki kwenye tela lile. Palikuwa patupu. Mteja amelipia tela la kubeba magunia 20, alisema, breki hajalipia. Mzee alikuwa amezichomelea zile sehemu za kushikia breki kwa gharama yake, akitarajia kwamba siku moja mteja atapata akili au hela.

Mji huu una sababu ya kuwaza hivyo. Mteremko wa Iwambi kuelekea Mbalizi umeshaua watu wengi kwa malori yaliyochemsha breki. Huko Bonneville nako magari ya kasi kubwa hayaruhusiwi kukimbia bila parachuti ya kuyasimamisha, na mbele yao kuna kilomita kadhaa za chumvi tupu. Mvulana wa Sao Hill na kandambili yake ya buluu yuko kwenye mstari uleule wa fikra, ila yeye mbele yake kuna kona.

Kwa hiyo nina ombi kwa wenye mamlaka. Mbeya ina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, MUST, ambacho kilianza kama chuo cha ufundi. Ina SIDO, shirika la viwanda vidogo. Iringa ina watu wanaojua kufunga barabara, kupanga waamuzi na kuweka magari ya wagonjwa, maana wanafanya hivyo kila yanapokuja mashindano. Wakutane. Itafutwe barabara moja ya vumbi isiyo na kona kali, ifungwe Jumapili moja ya kiangazi, waitwe watoto wa baiskeli za mbao, vijana wa beringi na mafundi wa gereji bubu, kila chombo kikaguliwe breki kabla ya kitu kingine chochote, na kofia ngumu iwe lazima. Zawadi ya kwanza apewe aliyesimama vizuri zaidi. Ya pili ndiyo apewe mwenye kasi.

Wewe unayetaka kwenda hata kabla ya hapo, nenda Juni hadi Septemba, barabara za vumbi zikiwa kavu. Beba sweta nzito. Matamba baridi yake haina utani. Na Hamsini na Saba iteremke kwa gia uliyopandia.