Safari Isiyokuwa na Matanga

Sisi tuliozaliwa Makongeni, Kaloleni, Mbotela au Jericho tulifundishwa mapema kwamba Nairobi ni mahali pa kazi. Nyumba ilikuwa ya Baraza la Jiji au ya Reli, na siku mzee anastaafu anarudisha ufunguo. Nyumbani kulikuwa kwingine. Ndiyo maana mtoto wa Eastlands aliweza kukosa kuijua Westlands, iliyo upande wa pili wa mji, na bado akakutajia bila kukwama kila stesheni ya treni kutoka Nairobi hadi Kisumu.

Baba yangu alikuwa mtu wa Reli. Pamoja na mshahara, Reli ilimpa pasi ya kusafiri likizo ya mwaka, na pasi hiyo ndiyo iliyotulea sisi watoto kati ya Makongeni na kwetu Asembo. Nilipofika darasa la sita niliruhusiwa kwenda peke yangu likizo ya Agosti. Nasema peke yangu, lakini gadi wa treni alikuwa rafiki ya baba, na mama aliyeketi mkabala nami alikabidhiwa mimi kabla treni haijaondoka, hata kama hatukuwahi kuonana naye.

Isitoshe, nilibeba laini nzima ya nyumba zetu. Habari kwamba binti wa fulani anaenda nyumbani ilizunguka siku mbili tatu kabla, na jioni ya kuamkia safari milango ikaanza kugongwa. Mama wa mlango wa pili alileta sukari na kipande cha sabuni kwa mamake aliyekuwa Seme. Fundi mmoja wa karakana alileta shati la babake na bahasha. Wengine walileta bahasha tupu, yaani pesa bila barua, na maneno wakaniambia nishike kichwani. Mama alizishonea pesa zote ndani ya upindo wa sketi yangu, akaandika majina kwenye karatasi, akanikaririsha mpaka nikaweza kuyasema bila kuangalia.

Bahasha haikuachwa mlangoni. Nilipofika kwenye boma la mtu niliketishwa, nikaletewa nyoyo, yaani mahindi na maharagwe, au uji, nikaulizwa aliyetuma amenenepa au amekonda, anakunywa au ameacha, na yule mwanamke anayesemekana anakaa naye ni wa wapi. Nilijibu nilichokijua. Kisha nikapewa majibu ya kurudisha Nairobi: mwambie ng'ombe amezaa, mwambie paa linavuja, mwambie babake haulizi pesa, anauliza sura yake. Kabla shule hazijafunguliwa nilikuwa nimekanyaga njia za maboma mengi kuliko watu wazima wengi wa ukoo wetu leo.

Treni iliondoka Nairobi jioni, ikafika Kisumu asubuhi. Kwa hiyo nchi iliyo katikati niliijua kwa masikio na pua. Nakuru ilikuwa kelele za wauza chai. Mau Summit ilikuwa baridi inayopenya blanketi. Londiani, Kipkelion na Fort Ternan yalikuwa majina yaliyotajwa gizani, halafu Muhoroni ikajitambulisha kwa harufu ya kiwanda cha sukari, na hapo nikajua nimefika kwetu.

Miaka ya tisini treni ilidhoofika, tukahamia mabasi ya stesheni ya Machakos, pale Landhies Road. Basi halikuwa na gadi aliyemjua baba, lakini lilikuwa na kondakta aliyekubali kubeba mzigo usio na mwenyewe. Sukari ikaanza kusafiri peke yake, jina limeandikwa kwa kalamu juu ya katoni, mtu akaisubiri barabarani. Halafu Machi 2007 ikaja M-Pesa. Siilaumu hata kidogo. Nimeona nyanya akipata pesa za dawa dakika ile ile mjukuu alipobonyeza simu Gikomba, na anayeikumbuka bahasha iliyopotea njiani hawezi kuitamani tena. Lakini bahasha ilihitaji miguu ya mtu, na mtu huyo alilazimika kuketi na kula. Pesa zilipoanza kwenda zenyewe, sababu yetu ya kuingia kwenye boma la shangazi ilikwisha, na hakuna aliyeketi kuamua kwamba iishe.

Mwaka uliofuata njia yenyewe iliingiwa na hofu. Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, mabasi ya kuelekea magharibi yalipita kwa msafara chini ya ulinzi wa polisi, na majina ya Naivasha na Nakuru, ambayo kwangu yalikuwa chai na mahindi ya kuchoma, yakatajwa Eastlands kwa sauti ya chini. Mkataba wa amani ulitiwa saini Februari 28. Barabara ilifunguka haraka kuliko mioyo. Wengi wa rika langu waliacha kusafiri bila sababu kubwa.

Sababu kubwa iliyobaki ilikuwa moja. Sisi Wajaluo humzika mtu nyumbani. Kenya nzima ililishuhudia hilo kwenye kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyekufa Desemba 1986 na kuzikwa Nyalgunga, Siaya, Mei 1987, baada ya mjane wake na ukoo kushindana mahakamani miezi mitano. Basi mikutano ya kuchanga pesa za mazishi ikawa ndiyo mikutano yetu. Jioni za Kaloleni, kwenye jumba la kijamii, watu wa lokesheni fulani wanakaa upande huu na wa lokesheni nyingine upande ule, daftari linazungushwa. Gari linaondoka Alhamisi usiku, maiti anazikwa Jumamosi, Jumapili tunarudi kwa sababu Jumatatu ni kazi. Kwa miaka mingi sikuliona boma la mtu wetu yeyote bila hema. Binamu zangu niliwasalimia nikiwa nimeshika sahani, vipaza sauti vikituzuia kusikilizana. Wazee niliwaona wakiwa wamepangwa kwenye viti vya plastiki safu ya mbele, nikawapa mkono, nikapita.

Kisha ikaja 2020 na korona. Kuanzia Aprili 6 hadi mapema Julai hatukuruhusiwa kuingia wala kutoka Nairobi, na mazishi yakawekewa kikomo cha watu 15. Mama mkubwa, dada wa mama, alikufa Rusinga katikati ya siku hizo. Nilitazama mazishi yake kwenye simu, nikiwa jikoni kwangu Umoja, picha ikikwama kila mara. Nililia, na kilichoniuma zaidi hakikuwa kukosa kumzika. Nilihesabu nyuma nikaona kwamba hata barabara ingekuwa wazi, ningeenda kumwona kwa mara ya kwanza tangu tulipomzika mumewe.

Agosti 2023 nikaenda bila kufiwa. Nilichukua gari langu dogo, nikaondoka Umoja kabla Jogoo Road haijajaa, peke yangu. Wanangu walitaka nitafute dereva. Katika vituo vya petroli niliulizwa kwa heshima, "Mama, dereva wako ameenda wapi?" Juu ya Limuru nilisimama mahali ambapo mabasi hayakuwahi kunisimamia, nikalitazama bonde na Longonot mpaka nikatosheka.

Nakuru yupo mjomba, dereva mstaafu wa treni. Aliliona gari, akasimama langoni na mkono mmoja juu ya nguzo.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, mjomba. Nimekuja kukuona."

"Kuniona nina nini?"

Aliingia ndani akampigia simu binamu yangu wa Buruburu kuhakikisha. Aliporudi alikuwa mtu mwingine. Tulikaa hadi usiku wa manane, na ndiye aliyenikataza kupita njia ya Kericho. Alitaka niifuate reli. Alinieleza jinsi wajenzi wa zamani walivyoshindwa na mabonde ya Mau mpaka kampuni moja ya Marekani ikaleta madaraja 27 ya chuma, reli ikafika ziwani Desemba 1901. Yeye aliyapita mabonde hayo kwa maelfu ya usiku, mkono mmoja daima tayari kwa breki, na hakuna mjukuu aliyewahi kumuuliza.

Basi nikashuka kupitia Londiani, Kipkelion na Fort Ternan, mchana. Sijui niseme nini kuhusu kuona kwa macho mahali ulipopajua kwa jina tu tangu utoto. Miteremko ya kijani, mahindi yaliyokomaa, mito chini kabisa, na reli ikijipindapinda kutafuta njia. Fort Ternan ndiko Louis Leakey alikopata, mwaka 1961, masalio ya kiumbe aliyemwita Kenyapithecus wickeri, wa miaka takriban milioni 14. Nilikuwa nimepita karibu na mahali hapo utoto wangu wote nikiwa nimelala begani kwa mama nisiyemjua.

Kisumu nilikwenda kuliona jumba la Ofafa Memorial. Ambrose Ofafa alikuwa diwani wa Nairobi, akauawa mwaka 1953 wakati wa Hali ya Hatari, na chama cha Luo Union kikamjengea ukumbusho huu. Eastlands tulilitaja jina lake kila siku, Ofafa Maringo, Ofafa Jericho, tukidhani ni jina la mtaa. Nilimtumia picha binamu yangu aliyekulia Maringo. Hakuwa akijua.

Kutoka hapo nikazunguka ziwa upande wa kusini. Karibu na Kendu Bay kuna ziwa dogo la Simbi Nyaima, ambapo wazee husimulia kwamba palikuwa na kijiji kilichomnyima ajuza mahali pa kulala usiku wa mvua, kikazama. Nikalala Mbita, na asubuhi nikavuka kwenda Rusinga. Nilifika kwenye kaburi la mwanasiasa Tom Mboya, ambaye kazi yake ya kwanza Nairobi ilikuwa mkaguzi wa afya wa Baraza la Jiji, akapigwa risasi Julai 5, 1969. Baba alitusimulia namna watu walivyopanga mstari barabarani jeneza lilipokuwa likipelekwa magharibi. Kisha nikaenda kwenye kaburi la mama mkubwa, ambalo halina mgeni wala kibao cha maelezo. Binti zake walinipikia samaki, ngege. Tuliongea bila kipaza sauti, na kwa mara ya kwanza nikajua mkubwa wao anaimba kwaya na ana sauti ya mamake.

Kivuko cha Mbita kilinitua Luanda Kotieno, na kutoka hapo hadi Asembo si mbali. Shangazi, dada wa mwisho wa baba aliye hai, alikuwa akianika mtama. Aliponiona nikishuka peke yangu aliuacha ungo ukaanguka, akaweka mikono kichwani, akaanza kulia kabla sijafungua mdomo. Nilimshika nikamwambia mara kadhaa kwamba wote ni wazima. Ilichukua muda kuniamini. Kisha akafuta macho kwa leso, akaniambia, "Nyathina, mwanangu, kaa chini," akaenda mwenyewe kumkamata kuku.

Jioni nilimpiga picha akiwa chini ya mwembe, nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo bila kuandika neno. Simu ikaanza kulia. Pole sana. Pumzika kwa amani shangazi. Tutakutana Kaloleni lini kwa mchango? Kwenye kundi lile picha ya mzee peke yake ilikuwa na maana moja, na mimi mwenyewe ningeandika yale yale. Niliandika haraka: Shangazi yuko hai, niko naye hapa.

"Mbona simu yako hainyamazi?" akauliza.

Nilisita, halafu nikamsomea zote, moja baada ya nyingine, na majina. Alisikiliza akiwa amekunja mikono. Alinisimamisha kwenye moja.

"Huyo wa Kayole amesema nini?"

"Amesema pole nyingi."

"Ana gari?"

"Analo, shangazi."

"Mwambie pole yake nimeisikia kwa masikio yangu. Aje aniletee mwenyewe, na asije na hema."