Kishika uchumba cha Soga

Habari yenyewe shangazi ameipata msibani, kwa mtu wa tatu: mpwa wake amekopa kwenye kikoba na kumpa dalali milioni 2 za kishika uchumba. Kiwanja cha ishirini kwa ishirini, Soga, jirani kabisa na treni. Usiku uleule, huko Kibaha, akachukua daftari la mjukuu akamwandikia kijana kurasa nne. Babu anaendelea na kliniki ya presha, binti wa mwisho kafaulu kwenda sekondari. Hayo yamekwisha kwa mstari mmoja. Kisha swali: hizo milioni 2, kapewa risiti au kapewa maneno?

Kutaka kwake kiwanja hakumlaumu. Anajua Mabibo, Dar es Salaam, chumba na sebule kinadaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali anachukua ya mwezi mmoja juu yake. Ndiyo maana watu wanahamia Pwani. Sensa ya 2012 ilihesabu watu karibu milioni 1.1 Mkoa wa Pwani. Ya 2022 ikakuta wamevuka milioni 2. Na tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, Juni 2024, mashamba ya mihogo yamekuwa miradi ya viwanja midomoni mwa madalali. Treni ipo, na stesheni ya Soga ipo. Lakini kutoka stesheni hadi hicho kiwanja ni mwendo gani, na bodaboda wa saa 11 alfajiri anataka shilingi ngapi masika yakishakata njia?

Hapo kalamu inarudi Kimara.

Yeye na marehemu mumewe walinunua kando ya Barabara ya Morogoro mwaka 1994. Karatasi ya mauziano iligongwa muhuri, mashahidi wanne wakasaini. Nyumba iliwachukua miaka tisa. Umeme ukaja, maji yakaja, kodi ya jengo wakalipa. Risiti zote anazo mpaka leo kwenye kopo la biskuti. Mei 2016 mwendokasi ulipoanza, Kimara ikawa kituo cha mwisho na wapangaji wakawa wanagonga mlango kila wiki. Wakajiona wamefika. Mwaka uliofuata X nyekundu ya bomoabomoa ikapakwa ukutani, chini ya dirisha la chumba cha watoto: kutoka Kimara kwenda Kiluvya, hifadhi ya barabara ilihesabiwa mita 121.5 kila upande, na nyumba yao ilikuwa ndani. Mumewe alishinda siku mbili juu ya paa aokoe bati, akichomoa misumari mmoja mmoja, anainyoosha kwa nyundo na kuitupia kwenye ndoo. Fidia hawakuona.

Barabara ya njia nane sasa inapita mbele ya palipokuwa jiko lake, na anakiri ni nzuri. Kinachomuuma ni kwamba katika ofisi zote zilizopokea hela yao kwa miaka 23, hakuna iliyowahi kuwatajia hizo mita.

Kwa hiyo muhuri wa serikali ya mtaa usimtulize kijana. Unaonyesha nani kauza na nani kanunua. Hausemi kama ardhi ile iko huru. Sheria ya Ardhi ya 1999 inaiweka ardhi yote mikononi mwa Rais kwa niaba ya umma, na mwananchi humilikishwa kwa muda, hadi miaka 99. Kijana aende idara ya ardhi ya halmashauri, aulizie mchoro wa mipango miji, kisha amlipe mpima aliyesajiliwa achukue vipimo vya pembe zote nne na kuvilinganisha na ramani. Reli nayo ina hifadhi yake. Kiwanja anachokaa shangazi sasa kimepimwa na hati ina jina lake, yeye wa darasa la saba, na alikwenda ofisi hiyo mara kumi na moja.

Mke wa kijana asome mkataba kabla mumewe hajasaini. Kiwanja kisiandikwe jina la rafiki. Deni la kikoba lisilipwe kwa deni lingine.

Na hizo milioni 2, asiongeze hata shilingi. Jumamosi saa 1 asubuhi shangazi atakuwa stesheni ya Soga na mpima wake. Kijana amlete dalali, alete na hiyo risiti. Watakwenda kwa miguu kutoka stesheni mpaka kwenye kiwanja, yeye akiangalia saa.