Ung'ongo na Nyoka

Wazee wa pwani husema kuwa aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Methali hii hutajwa mara nyingi kwa kumcheka mwoga, lakini yastahili kutajwa kwa kumhurumia. Aliyeumwa hakuizua hofu yake. Jino la nyoka liliiweka mwilini mwake. Kushtuka si kosa. Kosa laanza pale mtu anapochukua panga, akaukatakata ung'ongo, kisha akarudi nyumbani na moyo uliotulia, akiamini kuwa amekwisha kuua nyoka, na hali nyoka yumo bado majanini.

Mikindani ni mji wa kuipimia methali hiyo. Umekaa juu ya ghuba yake, kilometa zipatazo 10 kutoka Mtwara mjini katika njia iendayo Lindi. Nyumba zake kongwe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na boma la Wajerumani la mwaka 1895 lingali limesimama kilimani. Mwaka 1866 Livingstone alipita hapa alipoanza safari yake ya mwisho ya kuingia bara. Walakini Livingstone alikuwa mpita njia mmoja tu katika maelfu. Mji huu uliumbwa na watu waliokuja: Wamakonde walioteremka kutoka uwanda wa juu, Wayao walioleta misafara, Wamakua, Wamakwe, Waarabu, Wahindi, na mabaharia wa kila bandari iliyofikiwa na pepo za kaskazi na kusi. Hapa si rahisi mtu kusema, "Mimi ni mwenyeji, na fulani ni mgeni," pasipo kuzuka mzee wa kumkumbusha babu yake alishukia gati lipi.

Kusini yake watiririka mto Ruvuma, ambao Wajerumani na Wareno waliufanya mpaka kwa mapatano yao ya mwaka 1886. Mpaka huo uligawa himaya; koo haukuzigawa. Kimakonde chasemwa kusini ya mto na kaskazini yake; kadhalika Kimakwe; na Kimwani cha Cabo Delgado kina udugu mkubwa na Kiswahili. Mtumbwi uvukao mto huwachukua waendao arusini, waendao mazikoni, na waendao kutafuta kibarua cha korosho. Tena udugu huo ulikwisha kujaribiwa. Chama cha FRELIMO kiliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni, 1962, na vita vyake vilipoanza mwaka 1964 maelfu ya watu walivuka wakapokewa katika mikoa ya kusini. Wapiganaji walifunzwa Nachingwea. Majeruhi wao walitibiwa Mtwara. Hatari ya siku zile haikuwa ya kuwaziwa. Wareno walikuwa na ndege, mabomu na majasusi, na tarehe 3 Februari, 1969, Eduardo Mondlane aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Hata hivyo watu wa kusini hawakumfukuza kila aliyevuka mto ati kwa kuwa mmoja wao aweza kuwa jasusi.

Nyoka wa zama hizi aliuma kwanza Mocímboa da Praia, tarehe 5 Oktoba, 2017, kundi la vijana wenye silaha lilipovamia vituo vya polisi. Mwaka huo huo, kaskazini ya Mikindani, polisi na viongozi wa vijiji waliuawa mmoja baada ya mmoja katika Kibiti na Rufiji. Mwezi wa Agosti, 2020, Mocímboa ilitekwa ikakaa mikononi mwa wapiganaji hao karibu mwaka mzima. Oktoba ya mwaka 2020 walivuka Ruvuma wakaingia Kitaya, katika Mkoa wa Mtwara wenyewe, wakaua watu na kuchoma nyumba. Na Mkuu wa Polisi wa wakati huo, Simon Sirro, alisema walikuwa watu wapatao 300. Tarehe 24 Machi, 2021, wakaishambulia Palma, mji usio mbali na mdomo wa mto. Majeshi ya Rwanda na ya nchi za SADC yaliingia Msumbiji mwaka huo. Mocímboa ikakombolewa, lakini mashambulio hayakukoma. Kufikia mwaka 2022 watu waliokimbia makwao katika Cabo Delgado walikuwa wakaribia milioni moja.

Habari za namna hii hazibaki redioni. Zaingia katika basi, sokoni na barazani. Kijana aliyevaa kanzu, mwenye ndevu na mfuko mgongoni, apandapo basi la Lindi, huona abiria wakiutazama mfuko kabla ya kumtazama usoni. Katika nyumba ya wageni lipo daftari la siku zote, ambamo mlalaji huandika jina lake, kabila lake, atokako na aendako. Zamani daftari hilo lilijazwa huku watu wakipiga soga. Siku za hofu mwandikaji hukaziwa macho, na neno "Palma" au "Mocímboa" katika safu ya atokako hufanya kalamu ya mpokeaji isite. Katika kizuizi cha barabarani husemwa, "Shuka, bwana, tuone kitambulisho." Asiye na kitambulisho cha Taifa huulizwa kwao wapi, na ajibupo, husikilizwa zaidi lafudhi yake kuliko maneno yake. Mama mwuza samaki, ambaye kwa miaka mingi amenunua mzigo kwa mvuvi wa ng'ambo, hushauriwa na wenziwe amkatae. Hamkatai mara moja. Kwanza humpunguzia maneno, kisha hukoma kumwuliza hali ya watoto, halafu siku moja hununua kwa mwingine. Hakuna sheria iliyomwamuru, na hakuna tusi lililotamkwa. Lakini yule mvuvi ajua kuwa amekwisha kuhukumiwa.

Mkaliwa na shaka hiyo huingia katika kazi ngumu isiyokuwa na ujira, nayo ni kazi ya kuonekana mwema. Hunyoa ndevu alizozifuga tangu ujana. Huvaa kanzu Ijumaa tu, naye huivua mara arudipo msikitini. Hujifunza kutamka maneno kama watu wa Mtwara mjini, na watoto wake huwakanya wasimjibu bibi yao kwa Kimwani mbele za watu. Acheka apaswapo kucheka; atoa salamu kabla hajasalimiwa. Mtu wa namna hii hapumziki hata akiwa amekaa, maana kila jicho lamwuliza swali, naye hajui ni jibu gani litakalotosha.

Si haki kumsema vibaya mlinzi wa kizuizi pasipo kumsikiliza. Yeye naye ana watoto, na yaliyotokea Kitaya si hadithi. Atasema kuwa wauaji hawakutoka mbinguni: walitoka ng'ambo, wakavuka kwa mitumbwi, na baadhi yao walisema lugha hizo hizo na kuvaa mavazi hayo hayo. Atasema kuwa kumwuliza maswali mtu 1 asiye na hatia ni hasara ndogo kuliko kuzika watu 20. Na akiishiwa na hoja, atakuja na methali yake, kuwa samaki mmoja akioza huoza wote. Hoja hizi zina uzito, na asiyeujua uzito wake hajalala katika kijiji cha mpakani.

Walakini methali ya samaki ilisemwa juu ya samaki, ambao hulaliana katika tenga moja wala hawana hiari. Binadamu haozi kwa kulala karibu na mwenziwe. Tena alama anazozitegemea mlinzi hazina kazi katika pwani hii. Alama hufaa itengapo wachache na wengi. Katika mji ambao wanaume wengi ni Waislamu, kanzu na kofia zamtambulisha nani? Katika mkoa ambao Kimakonde ni lugha ya jikoni, lafudhi ya Kimakonde yamfichua nani? Yule aliyechoma nyumba Palma na yule aliyechomewa nyumba hiyo walizaliwa pwani moja. Wamefanana sura na majina. Wamepitana kwa matendo, na matendo hayaandikwi usoni.

Tena uovu huu haukufuata mpaka. Sirro mwenyewe alikiri kuwa miongoni mwa waliovamia Kitaya walikuwamo Watanzania. Mwezi wa Machi, 2021, Serikali ya Marekani ilipomtangaza kiongozi wa kundi lile, Abu Yasir Hassan, ilisema kuwa ni Mtanzania. Basi Mmsumbiji naye, akitumia kipimo cha mlinzi wa Mtwara, ana sababu ya kumwogopa kila Mtanzania avukaye kwenda kusini na bidhaa zake. Kipimo kimwoneshacho kila mtu jirani yake kuwa muuaji hakijampima yeyote.

Nchi nyingine zimekwisha kulipa gharama ya somo hili. London ilishambuliwa tarehe 7 Julai, 2005, wakafa watu 52. Na tarehe 21 washambuliaji wengine wakajaribu tena, mabomu yao yasilipuke. Kesho yake polisi walimfuata kijana wa Brazil, Jean Charles de Menezes, fundi umeme, aliyetoka katika jengo moja na anwani ya mshukiwa. Walimpiga risasi ndani ya gari moshi katika stesheni ya Stockwell, akafa. Hakuwa na bomu wala hatia. Katika Kenya, baada ya watu 67 kuuawa Westgate mwezi wa Septemba, 2013, na milipuko ya Eastleigh ya mwisho wa Machi, 2014, serikali iliendesha msako ulioitwa Usalama Watch. Maelfu walikamatwa, wengi wao Wasomali, na uwanja wa michezo wa Kasarani ukageuzwa mahali pa kuwazuilia na kuwachambua. Miongoni mwao walikuwamo raia wa Kenya, waliozaliwa Kenya na wazazi waliozaliwa Kenya.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 2 Aprili, 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Mmoja wa wauaji alikuwa mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Msomali wa Kenya, mwana wa chifu wa Mandera. Na baba yake alikuwa amekwisha kutoa habari kwa wakuu kuwa mwanawe amepotea, naye ahofia kuwa ameingia katika njia mbaya. Hapo ndipo ilipo maana yote. Msako uliokusanya nyuso kwa maelfu haukumkamata. Mtu wa kwanza kuiona hatari alikuwa baba, Msomali, mtu wa jamaa ile ile iliyokuwa ikishukiwa. Aliona kwa sababu alikuwa karibu, naye alisema kwa sababu bado aliiamini serikali kiasi cha kuiendea.

Mikindani haina ulinzi ulio bora kuliko huo. Ni nani aonaye mashua ngeni ikitia nanga usiku katika mikoko? Ni mvuvi. Ni nani ajuaye kuwa kijana fulani ameacha kusalimia wazazi, ameuza baiskeli yake, na ameaga kwenda kutafuta kazi asiyoitaja jina? Ni shangazi yake, na mwalimu wake wa madrasa. Ni nani atambuaye kuwa lafudhi ya mgeni hailingani na kijiji akitajacho? Si askari aliyehamishwa kutoka mkoa wa mbali; ni yule mama wa Kimwani ambaye watoto wake wamekatazwa kusema Kimwani. Lakini mvuvi atakwendaje kituoni kutoa habari, ikiwa ajua kuwa swali la kwanza litakuwa, "Na wewe mwenyewe kwenu wapi?" Atanyamaza. Atavua samaki wake, auze, alale. Na mashua ngeni itapita.

Hasara ya pili yawapata wasio na pa kunyamazia. Palma iliposhambuliwa mwaka 2021, watu walikimbilia mto. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilitangaza mwaka huo kuwa zaidi ya Wamsumbiji 9,000 waliovuka kutafuta hifadhi walirudishwa kwa nguvu kupitia Negomano, ng'ambo ya daraja lililoitwa la Umoja. Wengi walikuwa wanawake na watoto. Walikuwa wakimkimbia nyoka yule yule, nao wakapokewa kama nyoka. Yawezekana kuwa katika elfu hizo mmoja alikuwa mwovu. Huyo mmoja hakudhurika sana kwa kurudishwa, kwa maana alirudi kwa wenziwe. Waliodhurika ni wale wengine.

Mpaka hauna budi kulindwa, na mtu ana wajibu wa kuulizwa maswali. Kinachotakiwa ni kuuliza habari za tendo, na kuwauliza wote. Umebeba nini? Walala kwa nani? Nani akujua hapa? Maswali hayo humpata mwovu wa kila kabila, na mtu mwema huyajibu pasipo kuona haya. "Wewe ni kabila gani?" ni swali ambalo mwovu hulijibu kwa urahisi kuliko wote, kwa sababu amelitayarishia uongo, mwema hulijibu kwa kutetemeka, kwa sababu hana ila ukweli.

Desturi ya pwani yasema mgeni ahudumiwe siku mbili, na siku ya tatu apewe jembe. Watu huidhania kuwa ni desturi ya kumchosha mgeni arudi kwao. Lakini yaweza kusomwa kama desturi ya kumjua. Aliyepewa jembe huonekana shambani alimavyo, asemavyo na wenziwe, na alipavyo deni lake. Siku nyingi hazipiti kabla mji haujafahamu ni mtu wa namna gani. Kazi hiyo ya kufahamu ni ya polepole, nayo yataka watu waketi pamoja. Na ndiyo kazi inayokoma kwanza pale mama mwuza samaki anapoacha kumwuliza mvuvi wa ng'ambo hali ya watoto.