Babu Hakuitika

Shule zilifunguliwa Januari 9, 2023. Kufika saa mbili na nusu asubuhi nilikuwa na watoto 94 katika chumba kimoja, Kilwa Masoko. Sikuwa mwajiriwa. Nilikuwa mwalimu wa kujitolea, mwenye shahada ya elimu ya awali na barua za maombi ya kazi zisizojibiwa. Kwa utaratibu wa serikali, mwalimu mmoja wa awali anatakiwa kuwa na watoto 25. Hilo nililijua vizuri, niliwahi kulijibu kwenye mtihani na kupata alama zote.

Sera ya Elimu ya 2014 ilifanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima, na ada ikaondolewa kuanzia Januari 2016. Wazazi wakaitikia. Vyumba havikuitikia kwa kasi hiyohiyo.

Wiki ya kwanza sikufundisha. Nilifuta kamasi, nilitafuta ndara zilizopotea, nilikaa mlangoni kama mlinzi. Kuna mtoto aliyekuwa akiondoka kila siku baada ya uji. Kwa hesabu zake, ukishakula shughuli imekwisha, unaaga, kama kwenye maulidi. Binti mmoja alikojoa akiwa amekaa, halafu akamnyooshea kidole jirani yake kwa utulivu wa hakimu. Wengine walikuwa wameshaanza chuoni kwa ustaadhi, wanaijua alif na be, kwa hiyo nilipowapa chaki waandike "a" walianzia kulia kuja kushoto. Niliwarekebisha. Siku hizi najiuliza kama kulikuwa na haraka yoyote ya kuwarekebisha.

Kila asubuhi niliita majina. Mahudhurio yanajazwa kila siku, na mwisho wa mwezi jumla inapelekwa kwa mkuu wa shule. Unaita, mtoto anasema "nipo", unaweka alama. Kulikuwa na jina moja la mvulana ambalo halikuitikiwa hata siku moja. Nikaweka alama ya utoro, siku baada ya siku. Wakati huohuo, karibu na dirisha, alikaa mtoto wa shati la njano ambaye mimi nilimwita hivyohivyo: wewe, shati la njano. Ukiwa na watoto 94 huwezi kuhesabu vichwa na kulinganisha na daftari. Au labda unaweza, mimi sikufanya.

Jumatatu ya wiki ya tano niliulizwa ofisini kuhusu yule mtoro. Alama 19 mfululizo. Niliambiwa, mbele ya walimu wenzangu, kwamba inawezekana nimesajili mtoto hewa. Nilirudi darasani nikiwa nimefura. Nikaita jina lile mara tatu. Kimya. Nikaanza kuwasimamisha mmojammoja wataje majina yao, mpaka nikafika dirishani.

"Jina lako nani?"

"Babu."

Darasa likacheka. Nikarudia, safari hii nikasema jina lako la shule.

"Babu."

Nilimchapa rula mbili kwenye kiganja cha kulia. Kanuni za viboko za 2002 zinasema anayeruhusiwa kuchapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na haizidi viboko vinne. Kwangu hakukuwa na maandishi yoyote. Kulikuwa na aibu ya ofisini, na mtoto wa miaka mitano aliyekuwa karibu. Hakulia. Alikiangalia kiganja chake kama kitu alichokiokota.

Kesho yake hakuja. Wala keshokutwa. Siku ya nne, baada ya vipindi, niliwaomba watoto wa jirani zake wanipeleke kwao. Tulipita kwenye mikorosho, njia ya mchanga, wao wakikimbia mbele na mimi nikifuata na viatu mkononi.

Nikapiga hodi. Bibi mmoja alikuwa barazani anasuka ukili, na mwanamke wa rika langu anakuna nazi. Nikasema shikamoo, bibi akasema marahaba mwanangu, karibu. Nikajitambulisha, nikasema namuulizia fulani. Nikalitaja jina lote.

Yule mwanamke akainamisha kichwa kwenye nazi yake. Bibi akaacha kusuka.

"Hilo jina la marehemu mzee wangu," akasema. "Huyu mkwe wangu halitaji. Na mimi silitaji."

Mimi nimekulia Dodoma, kwa wazazi watumishi, na kwetu mtoto anaitwa alivyoandikwa. Ilinibidi nielezwe polepole. Mtoto amepewa jina la babu yake mzaa baba. Mkwe hatamki jina la baba mkwe, ni heshima; kwa hiyo mtoto anaitwa Babu. Bibi naye hamwiti mumewe kwa jina, hata akiwa kaburini. Aliyelipeleka jina likaandikwa kwenye cheti, kule kituo cha afya, ni baba yake, na baba yuko dago na wavuvi wenzake, hurudi kwa msimu. Nyumba nzima hakuna mdomo unaolitamka. Mtoto alikuwa akilisikia kwangu tu, asubuhi, likiitwa kama la mtu mwingine.

"Wewe ulipomuuliza alikwambiaje?" mama yake akaniuliza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema.

"Alisema Babu."

"Basi si alikujibu."

Nikasema nilimchapa. Nilitarajia kufokewa, na nadhani ningefarijika. Bibi akasema mwalimu ni mzazi, mtoto lazima afunzwe, akaniagizia maji ya kunywa. Mama hakusema kitu. Aliendelea kukuna nazi mpaka kifuu kikawa kinalia kwenye mbuzi, hakuna nyama tena, na bado anakuna.

Jumatatu iliyofuata niliwauliza watoto wote nyumbani wanaitwaje. Nilipata Babu watatu, Bibi wawili, Somo mmoja, na Baba Mkubwa mmoja mwenye pengo la meno ya mbele. Nikayaandika kwa penseli juu ya majina ya wino, nikawa naita yote mawili. Zile alama 19 hazikufutwa. Ripoti ya Januari ilishapelekwa, na humo yeye ni mtoro sugu.

Sasa nasoma shahada ya uzamili, Dar es Salaam. Kwenye semina tunajadili uhusiano wa shule na familia, na mimi huwa mchangiaji mzuri. Habari ya rula sijawahi kuichangia.

Siku aliporudi mvua ilikuwa imenyesha usiku na uwanja una madimbwi. Mama yake alimshika mkono mpaka mlangoni.

"Babu, msalimie mwalimu."

Akanipa mkono wa kushoto. Mama akamgonga begani, tabia gani hiyo, toa wa kulia. Wa kulia ulikuwa nyuma, umefumbwa ndani ya shati la njano. Nikamwambia mama amwache, nikapiga magoti pale penye tope na kuupokea wa kushoto.